Bwana Shimba na Moto wa Nyamilama

Tarehe 30 Juni 1962 Bwana Antoni Shimba anastaafu, baada ya kufanya kazi ya kilimo kwa miaka ishirini na saba. Kumi na miwili ya mwisho amekuwa Bwana Shamba wa vijiji vilivyo nyuma ya Igoma, Nyamilama kikiwa kimojawapo.

Alianza mwaka 1935 kama kibarua wa kupakia mbegu za pamba. Alijifunza kusoma kwa kutazama maandishi ya kwenye magunia, na mpaka leo herufi zake ni kubwa kama za gunia. Alipopewa baiskeli, mwaka 1950, alikuwa hajui kuiendesha. Wiki tatu nzima aliisukuma kijiji hadi kijiji, akiwaambia watu kwamba ina pancha.

Kwenye bustani ya shule yetu ya kati alikuja kila Alhamisi. Aliyechelewa alipewa ndoo ya kumwagilia, si fimbo.

Lakini habari ambayo yeye mwenyewe ametuomba tusiiache ni ya Septemba 1953. Sheria iliwataka wakulima wang'oe mabua ya pamba na kuyachoma kabla ya tarehe iliyowekwa, ili wadudu wasibaki mpaka msimu mwingine. Nyamilama walikuwa wamechelewa. Bwana Shimba akawahimiza wachome siku hiyohiyo saa nane mchana, wakati upepo wa ziwani umeshaanza kuvuma. Wazee walimwambia angoje asubuhi. Hakungoja. Moto uliruka kwenye nyasi, ukala ngitili, yaani malisho waliyowatengea ng'ombe kwa kiangazi, kisha ukafika kwenye nyumba. Vihenge kumi na kimoja vya mtama viliteketea, na mavuno mengine yalikuwa miezi minane mbele.

Mama Ng'washi, mjane ambaye kihenge chake kilikuwa kimejaa, alimwuliza mbele ya watu: "Bwana Shamba, mabua yako yamekwisha. Sasa wanangu niwasongee ugali wa majivu?"

Kwenye baraza wengine walidai kwamba moto uliwashwa na wawindaji wa sungura waliokuwa wakipita. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Bwana Shimba alisimama akasema moto ni wake, akaandika hivyohivyo katika ripoti, na kwa ajili hiyo hakupandishwa cheo kwa miaka minne.

Kisha akachukua baiskeli yake. Alizunguka vijiji vya ng'ambo ya bonde akiomba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akaipeleka kwenye nyumba zilizounguliwa, gunia moja kila safari. Mvua zilipoanza alileta mbegu za mihogo. Hakuna hata nyumba moja iliyohama kwenda kuhemea chakula kwingine.

Kazi iliyomwia ngumu zaidi ilikuwa kuwashawishi watu hao walime barabara ya kuzuia moto kuzunguka kijiji. Kulima mahali pasipopandwa kitu kulionekana upuuzi. Ndipo alipowaita Wagika na Wagalu, vikundi viwili vya ngoma visivyokubali kushindwa, akawapa kila kikundi upande wake.

"Ninyi Wagalu, hayo majembe mmekuja kuyaanika?" Wagika walipiga kelele.

"Tunawangoja tu, tusije tukawaaibisha mbele ya wake zenu!" walijibiwa.

Barabara iliisha kwa siku sita, na tangu hapo imelimwa kila mwaka. Siku ya kumaliza ilipigwa ngoma, Bwana Shimba naye akacheza, na pande zote mbili zinakubaliana kwamba hawajaona mchezaji mbaya zaidi.

Septemba 1960 moto mkubwa ulishuka kutoka mlimani, ukafika kwenye barabara hiyo, ukafa. Kwa hiyo mwaka jana, ukame ulipokausha mashamba, vihenge vya Nyamilama vilikuwa na akiba. Mama Ng'washi aliwagawia mtama hata watu wa vijiji vingine, na siku ya Uhuru wageni walipikiwa wakashiba.

Kwao Bwana Shimba ni Geita, nasi tulidhani atarudi huko. Mwezi uliopita wazee wa Nyamilama walikaa wakamkatia eneo la kujenga na kulima. Aliyechagua mahali ni Mama Ng'washi: wapakane mashamba, yeye na Bwana Shimba.

Ahsante, Bwana Shimba, kwa kila gunia ulilobeba. Tunakutakia afya njema na mvua za wakati wake. Jirani mwema umeshapata.