Siku Nne za Figo Lililolala

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, pale kona, kati ya kibanda cha fundi saa na duka la samaki. Muuza kahawa hufika saa kumi alasiri, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa watu huwa wameshabishana. Siku hiyo walikuwa wanamngoja Bomba, fundi wa mabomba ya maji, ambaye hakuonekana kijiweni mwezi mzima. Alikuja polepole, mkono ubavuni, akaketi kama mtu anayetua trei ya mayai. Alikuwa amemtolea dada yake figo.

— Haya, tupe habari, alisema Profesa, yule fundi saa, ambaye uprofesa wake ulitokana na miwani, si na shule. Tulisikia figo limekataa.

— Halikukataa. Lililala.

— Lina kitanda? aliuliza Dalali, mtu wa kupangisha nyumba.

— Sikiliza kwanza. Likitolewa kwangu linakatwa kwenye damu. Mpaka liungwe kwa dada, linakaa bila damu. Na kitu hai bila damu kinakufa njaa. Kwa hiyo wanalisuuza kwa maji baridi ya dawa, wanaliweka kwenye barafu. Likiwa baridi halihitaji kula sana.

Muuza samaki, ambaye kila mtu alimwita Barafu, akashusha kikombe.

— Rudia hapo.

— Wanaliweka kwenye barafu.

— Mmesikia wenyewe. Miaka yote mnaniona muuza samaki tu, kumbe ni mtu wa hospitali. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Methali hiyo ni ya vyombo vya majini, alisema Profesa.

— Barafu haielei?

Profesa akanywa kahawa yake.

— Tatizo lilikuja kwenye kuunga, Bomba aliendelea. Mshipa ulivuja. Ikabidi wafumue, washone upya. Na wakati huo figo limeshatoka kwenye barafu, linapata joto, damu bado. Dakika zinakwenda, mpaka arobaini. Mwisho wakafungulia damu.

— Si ndiyo heri?

— Ndipo daktari akaniambia jambo. Nadhani wodi nzima mimi ndiye niliyemwelewa upesi. Maji yakikatika mtaani siku tatu, yakirudi yanakuja na nini?

— Tope, alisema Dalali.

— Tope, kutu, na upepo unaotikisa bomba mpaka maungio yanaachia. Damu nayo ndivyo. Ikikatika inaumiza. Ikirudi ghafla, inaumiza mara ya pili. Figo likishtuka hivyo linalala, na hakuna anayejua kama litaamka.

Hapo kijiwe kikachangamka, maana kila mmoja alikuwa na tiba.

— Kinga ni rahisi, alisema Barafu. Kila asubuhi tafuna kipande cha barafu. Mafigo yazoee baridi mapema. Samaki akae siku tatu kwangu bila kuoza, figo lishindwe dakika arobaini?

— Samaki wako tayari amekufa, Dalali alimkumbusha.

— Ndiyo maana hasumbui.

— Adui ni mkanda, alisema Profesa. Mwanamume anajikaza kiunoni kutwa nzima. Damu ishuke wapi? Na damu nzito kuliko maji, wahenga walishasema. Kitu kizito hakipiti penye kubana.

Akalegeza mkanda wake tundu mbili. Barafu, akijifanya anatafuta kitu mfukoni, akalegeza wake tundu moja.

— Hamjui kitu, alisema Dalali. Figo ni mpangaji. Umemtoa nyumba aliyoizoea, umempeleka ya ukoo uleule lakini kwa mwanamke. Jikoni kwingine, kelele nyingine. Lazima akae kimya kwanza. Angefuatana na kitu cha kwao, shati la Bomba tu, likafungwa tumboni mwa dada, asingelala hata saa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani mgeni, nani mwenyeji?

— Wote, alisema Dalali, bila wasiwasi.

Bomba alicheka kidogo. Ubavu ukamvuta, akaacha. Dalali alimwangalia.

— Siku hizo figo limelala ulikuwa unafanya nini wewe?

Hilo Bomba hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Akazungusha kikombe mkononi.

— Zilikuwa siku nne. Mimi nimelala chumba cha huku, yeye cha kule, kila mtu na mfuko wake wa mkojo kando ya kitanda. Wangu unajaa, wanamwaga, unajaa tena. Nikapelekwa kumwona. Wake mkavu. Niliona aibu, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. Nikavuta shuka nikaufunika wangu.

Bomba akanywa funda moja, akaendelea.

— Dada ndiye aliyenilea, mnajua. Mama alipofariki alikuwa na miaka kumi na tano, akaketi kwenye cherehani, hakuinuka mpaka nilipopata ufundi. Akauona ule mfuko niliouficha. Akaniambia, "Mdogo wangu, funua. Nataka nione linavyofanya kazi hilo lililobaki, nijue la kwangu nalo linadaiwa nini."

— Na siku ya tano? aliuliza Profesa taratibu.

— Nesi alikuja kuniamsha asubuhi. Akasema, kijiko kimoja. Mchana, nusu kikombe. Kufika jioni wamebadilisha mfuko mara mbili, na mimi nimelia kama mtoto mbele ya mtu aliyekuja kupiga deki.

Muuza kahawa alijaza kikombe cha Bomba bila kuambiwa.

Wakati huo dada mwenyewe akatokea, anatoka kliniki, barakoa usoni, chupa kubwa ya maji mkononi. Alikuwa anatembea mwenyewe. Miaka minne alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, maji akipimiwa kwa kikombe, mkojo umekauka kabisa. Wanaume wote wakainuka.

— Shikamoo dada, alisema Bomba.

— Marahaba. Keti, usijitoneshe kidonda. Hamjambo nyote?

— Hatujambo, dada. Tulikuwa kwenye mambo ya figo lako, alisema Barafu. Kama una swali lolote, hapa umefika.

Dada akashusha barakoa, akanywa maji mpaka chupa ikabaki robo, akawatazama mmoja mmoja.

— Ninalo. Choo kiko wapi hapa?

Profesa akaangalia saa yake, kisha ile iliyoning'inia kibandani kwake. Barafu akageuka upande wa ukuta ulio nyuma ya duka lake, akakumbuka anayeuliza ni mwanamke, akageuka upesi. Dalali, ambaye alijua kila chumba kinachopangishwa mtaa mzima, alianza kuvihesabu kwa vidole.

— Jamani, nauliza kweli, alisema dada. Nimebanwa.

Bomba akaanza kucheka. Ubavu ulimuuma, akaushika kwa mikono miwili, akaendelea kucheka.