Uliza, Aliyeifundisha Mashine Kusema Haijaona

Leo tunamsindikiza Uliza, kitinda mimba wa nyumba ya fundi saa, mke wa mpiga chapa, Mama Pacha kwa jirani zake wote. Ni mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu; kama ulizaliwa pale kabla barabara haijatiwa lami, mikono yake ndiyo iliyokushika kwanza. Ni binti wa fundi saa ambaye hakuwahi kumrudishia mtu saa yake kabla hajashinda nayo mfukoni akiisikiliza. Ni binti wa mama aliyeshonea sare shule mbili nzima na asirudishiwe hata moja kwa kubana makwapa. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza upya ile amri inayomwonyesha fundi vifaa vilivyomo ndani ya mashine. Najua wengi mliokaa hapa hamuijui. Mtaijua leo. Maneno haya yameandikwa na dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, na pale ambapo sifa zitaonekana kuzidi, mvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kona, mvua ikipiga bati kwa fujo hata kilio chake cha kwanza hakikusikika. Bibi alimwinua akamweka sikioni kabisa ndipo akatangaza kwamba mtoto ni mzima.

Jina la Uliza alilipata akiwa na miaka sita. Mama alimtuma kwa jirani akaangalie kama yupo. Akarudi akasema mlango umefungwa, viatu viko kizingitini, redio inaongea, ila mwenyewe hajamwona. Mama akamwambia hakumtuma alete habari za viatu, alitaka kujua yupo au hayupo. Mtoto akajibu kwa adabu zote, "Hilo, mama, ungenituma nikaulize. Umenituma nikaangalie." Mama alicheka hadi sindano ikamchoma kidole, na jina likabaki.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule ya msingi yenye madirisha ya kijani, ileile ambayo dada yake aliishia la saba na kuhamia kwenye cherehani. Mwaka 1981 alichaguliwa kwenda sekondari ya ufundi ya bweni. Wasichana walikuwa wachache huko, hata bweni lao lilikuwa stoo iliyopigwa chokaa. Dada yake alimshonea sare zenye mifuko miwili zaidi ya ilivyoruhusiwa, kwa ajili ya bisibisi. Mwalimu wa zamu aliiona, akaitazama, akapita. Mungu amlipe mwalimu yule popote alipo. Kisha akaenda chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya elektroniki Novemba 1989. Siku hiyo baba alivaa suti yake ya harusi, ambayo ilikuwa haifungiki tena, akasimama kwenye picha zote ameshika koti kwa mbele kama mtu anayesikia baridi.

Kazi ya kwanza ilikuwa katika karakana ya redio na televisheni. Tarehe 2 Mei 1995 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza masanduku ya kuongozea majokofu ya chanjo, akakaa hapo hadi ugonjwa ulipomtoa. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, kikinuka mpira mpya na risasi ya kuchomelea. Kulikuwa na meza ndefu tatu, dirisha moja lililogoma kufunguka, na birika ambalo aliyemaliza maji alipaswa kulijaza, na miaka yote hiyo hakutokea mtu aliyekiri kuwa ndiye aliyemaliza.

Huko kazini ndiko alikopata mume. Alitumwa kwa mpiga chapa kuchukua vibandiko vya masanduku, akavirudisha. Vikachapwa upya, akavirudisha tena, kwa kuwa kibandiko kilisema sanduku lina kengele, na kengele ilikuwa bado haijawekwa. Mpiga chapa alimwambia hajawahi kupata mteja msumbufu kiasi hicho, na kwamba angependa asumbuliwe hivyo nyumbani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Septemba 1998. Mwaka 2001 Mungu aliwapa pacha, mabinti wawili. Karatasi mliyoshika mkononi ameichapa yeye mwenyewe shemeji yetu, jana, na hakutaka mtu amsaidie kukunja.

Sasa ile amri. Ndani ya kila sanduku kuna kompyuta ndogo. Ukiiwasha, kazi haianzi papo hapo. Kuna programu fupi inayoamka kwanza, kama yule mtu wa nyumbani anayetangulia kuamka, akafungua milango na kuwasha jiko ndipo awaamshe wengine. Sanduku likiugua, fundi huunganisha waya, huisimamisha programu hiyo kabla haijawaamsha wenzake, kisha huiandikia amri: nionyeshe vifaa. Nayo humpa orodha. Kumbukumbu ipo, saa ipo, feni ipo, kipima joto kipo. Fundi husoma orodha hiyo kama daktari anavyosoma vipimo, na humo ndimo anamojua abadilishe nini.

Mwaka 2013 fundi wao wa safari, mtu wa pikipiki na mkoba tuliyemzoea kwa jina la Vumbi, alitumwa kwenye zahanati moja ambayo jokofu lake lilikuwa linapata joto. Akaandika amri. Orodha ikamwambia kila kifaa kipo. Akabadilisha feni, akaondoka. Jokofu likaendelea kupata joto, na muuguzi akalazimika kumwaga chanjo zote, akina mama wakiwa wamekaa barazani na watoto wao mapajani. Vumbi akarudishwa. Safari hii alifuata waya kwa mikono, akakuta panya wameutafuna, kipima joto kinaning'inia bure. Ofisini akapewa onyo. Akapanda ghorofani, akakiweka kile kipima joto juu ya meza ya Uliza, akamwambia bila kupandisha sauti, "Mama Pacha, orodha yenu ilisema kipo."

Uliza alifungua programu akaona. Amri haikuwa inauliza kifaa chochote. Ilikuwa inasoma jedwali lililoandikwa humo siku sanduku lilipotengenezwa kiwandani, na kulikariri mbele ya kila fundi. Panya angeweza kula sanduku zima, na orodha ingesema kila kitu kipo. Uliza alikwenda kwa mkuu wa karakana akaomba onyo la Vumbi lifutwe, na likafutwa. Kisha akaomba apewe nafasi ya kuitengeneza amri.

Mkuu hakukataa, ila alisema kuna masanduku mapya yanasubiriwa, na hiyo amri mteja haioni. Aliyepinga kwa nguvu alikuwa jirani yake wa meza, kijana wa zamani ambaye sasa naye ana mvi, tunayemwita Chapuchapu kwa sababu hata chai huinywa amesimama. Yeye alisema hiyo amri inatazamwa na mafundi wanne tu dunia nzima. Uliza akamjibu kwamba hao wanne wakidanganywa, wilaya nne zimedanganywa. Akaanza kuifanya katikati ya kazi nyingine, kidogo kidogo, kama mtu anayefuma sweta huku anachunga watoto.

Mara ya kwanza aliharibu, na hadithi hii aliisimulia mwenyewe kila sherehe. Aliandika amri imuulize kila aliyemo: wewe upo? Akamwita mkuu na wenzake waone. Orodha ikaanza kushuka vizuri, kumbukumbu imejibu, saa imejibu, halafu sanduku likazimika pwi. Likawashwa, likazimika palepale. Kumbe ndani mna kifaa mlinzi, ambaye kazi yake ni kukata umeme mashine ikizubaa, na kile kitendo cha kusoma hali yake yeye alikichukua kuwa ni agizo la kukata. Karakana nzima ilicheka. Chapuchapu alisema sasa tuna amri inayouliza hali ya mgonjwa kwa kumziba pua. Uliza alicheka kuliko wote, akalibeba sanduku hadi nyumbani, akaliweka jikoni mwa dada yake kati ya masufuria, akaeleza kwamba kuna vifaa havitaki kabisa kusemeshwa. Dada yake akamuuliza ni kama baba akiwa amefungua saa mezani? Akasema ni yuleyule baba, ila huyu ana swichi.

Alimaliza mwaka 2015. Mahali palipokuwa na jina la jumla tu aliandika majina ambayo fundi anayatumia: kipima joto cha ndani, feni ya nyuma, betri ya akiba. Kisha mbele ya kila jina mashine ilitakiwa kusema moja kati ya maneno matatu. Kimejibu. Hakijajibu. Na hakikuulizwa, kwa vile visivyotaka kusemeshwa. Na kisichojibu kilisubiriwa kidogo tu, kisha orodha ikaendelea, maana katika majaribio yake ya mwanzo kifaa kimoja kikinyamaza amri nzima iliweza kukwama. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya neno la tatu. Chapuchapu alitaka vifaa hivyo vifichwe, kwa hoja kwamba orodha inayokiri haikuuliza itawatia watu wasiwasi. Uliza alisema wasiwasi huo ni wa haki na fundi anastahili kuwa nao. Walinuniana wiki kadhaa, meza zao zikigusana. Mkuu akaamua Vumbi aende nayo safari akaijaribu, yeye ndiye aseme.

Vumbi alipiga simu kutoka zahanati ileile. "Mama Pacha, orodha imesema kipima joto hakijajibu. Nimefuata waya, nimekuta umechomoka. Nimeurudisha, kimejibu. Sijafungua feni wala nini, na chai niliyokaribishwa bado ya moto." Basi. Tangu siku hiyo amri ile ikaingia katika kila sanduku lililotoka. Muuguzi wa zahanati hiyo yuko nasi hapa, amekaa upande ule. Dada, tunakushukuru kwa kuja.

Yalibaki masanduku ya kijivu. Hayo ndiyo ya kwanza kabisa, bado yanafanya kazi katika zahanati za mbali, na hadi leo yanakariri jedwali. Kuibadilisha programu yake fupi ni kazi ya roho mkononi: umeme ukikatika katikati ya badiliko, sanduku haliamki tena, na jokofu linabaki kabati. Uliza alikuwa ameanza kutafuta njia ya kuweka nakala mbili ndani ya sanduku, ili ya zamani isiguswe hadi mpya ithibitike. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha utulivu alipoanza kuumwa, kuliko maumivu yenyewe.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Oktoba 2022. Februari 2023 alipimwa, ikagundulika saratani ya ini. Alimuuliza daktari hilo ameliona mwenyewe au anakisia. Daktari akavuta kiti, akamwonyesha kwenye picha: hapa nimeona, hapa nakisia, hapa sijaangalia bado. Uliza alitoka chumba kile akisema amepata daktari anayefahamu kazi yake. Tunamshukuru daktari huyo, na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya chini waliomgeuza na kumwosha kwa mikono ya huruma. Tunawashukuru wenzake wa kazi, waliokuja kwa zamu hata tukawa tunawatuma sokoni kama watoto wetu. Tunamshukuru mume wake aliyehamishia godoro lake sakafuni, karibu na kitanda cha mkewe, akakaa hapo miezi yote.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, pacha wake wamemshika huku na huku, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa kike ambaye tayari anauliza kupita kiasi, kaka yake, na dada yake huyu. Ameacha pia masanduku mengi yanayosema ukweli katika vyumba ambavyo hatutaviona. Tulikopeshwa mtu mzuri, tukakaa naye muda wa kutosha kumjua. Aliyetukopesha amempokea, ampe kupumzika.

Jambo moja limebaki, naye aliagiza lisomwe hapa mbele ya watu, ili aliyeambiwa asijifanye hakusikia. Ijumaa kabla hajaondoka alimwita Chapuchapu. Akaja na machungwa, akasimama kama kawaida yake. Uliza akamwambia akae, naye, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akakaa. Akamkabidhi kazi ya masanduku ya kijivu.

Chapuchapu alisema, "Mama Pacha, mimi ndiye niliyekupinga kila hatua. Mpe mwingine."

"Mwingine ataniamini," Uliza akasema. "Nataka mtu atakayeibishia ile nakala ya pili mpaka ikose pa kukosea."

Chapuchapu alimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. Kisha akauliza aanzie wapi. Uliza alifumba macho, tukadhani amelala. Hakuwa amelala, alikuwa anachagua.

"Anza na zahanati ya ng'ambo ya daraja. Umeme wao hukatika mchana, kwa hiyo uwe umefika asubuhi. Na kabla hujaligusa sanduku, kaka yangu, mwombe muuguzi ahamishe chanjo kwanza."