Barua Iliyomzuia Mwalimu Felista

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni saa nne na dakika tano hapa Mtwara, na mimi ni Shamimu Chilumba. Leo muziki utakuwa mchache. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimfahamu, na mimi binafsi nina deni naye la maneno. Mtanivumilia.

Mwalimu Felista Kasonso amefariki dunia. Amefariki Jumapili iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Alifundisha uandishi katika chuo cha ualimu hapa kwetu kwa miaka kumi na minane. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mwalimu Felista Kasonso, miaka hamsini na minne, mwalimu wa uandishi.

Hakuwa mtu wa huku. Alikuwa mtu wa Namanyere, mkoa wa Rukwa. Sisi tuko kona hii ya nchi, kwenye maji ya chumvi. Namanyere iko kona ile nyingine, karibu na Ziwa Tanganyika. Kwa basi ni siku tatu, kama basi halijaharibika. Alipangiwa kazi hapa mwaka elfu mbili na saba, akaja na begi moja la kijivu. Alimwacha mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Na tangu mwezi wake wa kwanza hapa Mwalimu Felista alitaka kitu kimoja: kurudi nyumbani kumtunza mama. Shikeni hilo, wasikilizaji. Alitaka kurudi nyumbani.

Aliomba uhamisho mara sita. Mara sita akajibiwa asubiri.

Basi akasubiri, na huku anasubiri akafanya kazi. Na kazi yenyewe, jamani! Mimi niliingia chuoni mwaka elfu mbili na kumi na tatu, binti wa mkulima wa korosho kutoka Nanyamba. Insha zangu zote zilianza na "kila kukicha". Za wenzangu zilianza na "katika dunia ya leo". Mwalimu Felista alizisoma zote, akazirudisha, akasema, "Nimesoma insha themanini na sijakutana na mtu hata mmoja."

Siku hizo kulikuwa na tamthilia kwenye televisheni kila Alhamisi jioni, inaitwa Geti la Bluu. Ilimhusu mwanamke mmoja, Zuhura, anayekaa nyumbani kwa shemeji yake Dar es Salaam. Kila wiki Zuhura anafungasha begi aende kwao, na kila wiki inatokea sababu ya kumbakiza. Mara mtoto anaumwa. Mara wageni wanakuja. Mara shemeji analia. Bwalo zima tulikuwa tunajaa kuitazama, wengine wamesimama madirishani, na ole wako ukohoe.

Mwalimu akatukuta pale siku moja, tumeloa machozi. Akasema, "Kumbe machozi mnayo. Kama mnaweza kumlilia Zuhura, mnaweza kumwandika." Tangu wiki ile akaipanga kozi nzima juu ya Geti la Bluu. Alhamisi tunatazama, Ijumaa tunaandika. Ubaoni aliandika maswali mawili, na hayakufutwa mwaka mzima. La kwanza: Mhusika anataka nini? La pili: Nani anamzuia?

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, sisi tunapiga kelele, yeye anapiga makofi. "Haya, toeni madaftari. Malizieni wenyewe." Taa ya chemli inawekwa mezani, tunaandika. Baadhi yetu tukaanza kuombea umeme ukatike.

Nakumbuka Rashidi, mwenzetu wa Kilambo, pale mpakani. Yeye katika insha yake alimtorosha Zuhura kwa mtumbwi, akamvusha Ruvuma, akamwozesha kwa mfanyabiashara upande wa Msumbiji. Darasa likacheka mpaka basi. Mwalimu naye alicheka. Kisha akamwuliza, "Rashidi baba, Zuhura alikuambia anataka Msumbiji?" Rashidi akasema, "Hapana, Mwalimu, ila kule atapumzika." Mwalimu akamjibu, "Umempeleka unakotaka wewe. Anza upya."

Siku nyingine nilimwuliza mimi, kwa hasira kabisa. "Mwalimu, huyu Zuhura kwa nini haondoki tu? Lile geti halina hata kufuli!" Akasema, "Halina kufuli, kweli. Wanaomzuia ni wanaompenda. Hao ndio wagumu, Shamimu." Niliandika jibu hilo daftarini nikalipigia mstari. Kulielewa, sikulielewa.

Likizo moja nikamkaribisha kwetu Nanyamba. Sasa kwa mama yangu mgeni anayependwa haondoki kirahisi. Akiaga, ndala zake hazionekani. Anazitafuta mlangoni, uvunguni, nyuma ya banda la kuku, hola. Mama kakaa jamvini, anamenya muhogo, kaukazia macho muhogo wake. "Ndala? Mie sijaona ndala, Mwalimu. Labda kuku." Mwalimu akaelewa, akacheka, akakaa tena. Akala ugali wa muhogo na kisamvu, akalala siku mbili zaidi. Siku mama aliporidhika, ndala zikatokea zenyewe mlangoni, zimesafishwa, upande wa vidole umeelekea njiani. Ndiyo ruhusa hiyo. Kwetu huo ni upendo, na mimi nimekulia humo.

Sasa ndipo ninapofika penyewe, wasikilizaji wapendwa. Nipeni dakika.

Mwaka elfu mbili na kumi na nne, ombi la saba likakubaliwa. Ombi la saba. Mwalimu Felista akapata uhamisho wa kwenda Rukwa, kilomita chache kutoka kwa mama yake. Alikuja darasani siku ile na gauni la kitenge ambalo hatukuwahi kuliona. Kitanda chake akamwachia Bi Asia, mama mwenye nyumba wake. Vyombo akagawa. Begi la kijivu likafungashwa likawekwa nyuma ya mlango.

Na sisi tukaingiwa na kiwewe. Nani atatufundisha? Nani atamaliza Geti la Bluu na sisi? Tukakaa kikao chini ya uongozi wa Rashidi, tukakubaliana kuandika barua kwa wakubwa, kuomba Mwalimu abakizwe. Nani aandike? Wote wakanigeukia.

Mkono ulioandika barua ile ni huu hapa. Kurasa tatu. Niliandika kwa ufundi wote alionifundisha. Niliweka watoto wa vijijini watakaokosa walimu wazuri. Niliweka wazazi. Tukapita Nanyamba mpaka Mpapura tukikusanya saini, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Watu mia mbili na kumi na mmoja. Mama yangu naye alitia dole, tena la kwanza. Hatukumwambia Mwalimu. Tulitaka kumfurahisha kwa ghafla.

Barua ikafanya kazi. Uhamisho ukafutwa.

Mkuu wa chuo akatukusanya ukumbini Ijumaa asubuhi. Akaisoma barua yote kwa sauti, kurasa zote tatu, Mwalimu Felista akiwa amesimama pembeni yake. Tukapiga makofi. Wasichana wakapiga vigelegele, na mimi nikiwa mmoja wao. Mkuu akasema, "Mwalimu, unaona unavyopendwa?" Mwalimu akatabasamu. Lile tabasamu nalikumbuka mpaka leo, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika upande wa gauni kwa nguvu, kile kitenge kipya. Akasema, "Naomba hiyo barua, mkuu. Nikaisahihishe." Ukumbi mzima ukacheka. Mzaha wa mwalimu!

Baada ya wiki akaniita ofisini, akanipa barua yangu. Hakuwa ameniuliza nani kaandika. Alikuwa ameisahihisha kweli, kwa kalamu yake ya kijani. Lugha: ishirini kwa ishirini. Mpangilio: kumi kwa kumi. Hoja: kumi kwa kumi. Halafu chini kabisa: "Mhusika mkuu anataka nini? Sifuri kwa kumi. Hukuuliza."

Nililia pale pale. Nikasema, "Mwalimu, nisamehe, nitaandika nyingine, nitafuta." Akanipa kiti. Akasema, "Wakubwa hawawezi kubadili kila wiki, mwanangu. Kaa unywe chai." Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Bi Asia alitaka kumrudishia kitanda. Akakataa. Alilala kwenye godoro chini kwa miezi minane, begi bado limefungwa nyuma ya mlango. Bi Asia ameniambia juzi, "Nilikuwa nikimpelekea uji asubuhi, namkuta kakaa juu ya begi, kavaa kabisa, kama mtu wa stendi. Namwambia, mwalimu, gari la wapi? Ananiambia, nimekaa tu, Bi Asia."

Mama yake alifariki miaka miwili baadaye. Mwalimu alisafiri siku tatu. Aliporudi tulimwuliza kama aliwahi mazishi. Akasema, "Nilikuta udongo umeshakauka." Kisha akaingia darasani akafundisha.

Geti la Bluu ilikatishwa bila Zuhura kutoka. Mwalimu alizihifadhi sehemu zote kwenye flashi, akaendelea kuzifundisha mwaka baada ya mwaka. Kila darasa lilipewa mtihani uleule wa mwisho: andikeni Zuhura anavyotoka. Walimu wenzake wanasema insha hizo alikuwa akizisoma mwenyewe, polepole, zote.

Hakuomba tena uhamisho. Mdogo wake, Jesca, ameniambia kwa simu: "Nilimsihi dada aombe tena. Akaniambia, Jesca, nitaandika nini? Nitawaambia sitaki kupendwa?"

Sasa nije wiki hii. Jumatatu, Rashidi alikuja hapa studio. Ni mwalimu mkuu sasa, ana mvi mbili tatu. Macho mekundu. Kanikumbatia, tukalia. Kisha akatoa karatasi mfukoni, ina majina.

"Dada Shamimu," akasema, "wanafunzi wake wote wanataka Mwalimu azikwe hapahapa. Bi Asia ametoa kiwanja. Tutalitunza kaburi, tutalipanda maua. Kule kwao nani anamjua? Wewe ndiye mwenye mkono. Tuandikie familia barua, yule mdogo wake akubali."

Wasikilizaji, nisiwafiche. Nilichukua kalamu. Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, tena nzuri. Kisha nikaiweka kalamu chini.

"Rashidi, umemwuliza nani?"

"Tumwulize nani tena, na mwenyewe hayupo?"

"Jesca yupo."

Nikampigia Jesca, nikaweka sauti wazi ili Rashidi asikie. Nilimwuliza swali moja tu: Mwalimu alitaka nini?

Jesca akasema hivi, na nimempigia jana kumwomba ruhusa niyaseme hapa. "Dada alitaka alale karibu na mama. Alinionya mapema. Aliniambia, Jesca, nikifa, usipokee barua yoyote kutoka Mtwara. Wananipenda mno, wataandika. Na ukiisoma utakubali, maana ni waandishi wazuri, nimewafundisha mwenyewe."

Rashidi aliinama mezani. Kisha akakunja ile karatasi yake, akairudisha mfukoni, akasema, "Tutafute gari."

Gari limepatikana. Limeondoka leo saa kumi na mbili asubuhi. Rashidi yumo, na walimu wenzake wawili, na lile begi la kijivu. Wameniambia sasa hivi wamepita Masasi. Wataingia Tunduru mchana, Songea jioni. Kesho ni Mbeya, Tunduma, na Mungu akipenda Namanyere. Barabara yote hiyo hakuna wa kumzuia.

Kwa Jesca, na kwa ukoo wote wa Kasonso: poleni sana. Mlitukopesha binti yenu, tukamng'ang'ania. Kwa niaba ya watu mia mbili na kumi na mmoja, na zaidi kwa niaba yangu mimi niliyeandika, tunaomba radhi. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Kwa Waislamu wenzangu, sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Na wewe unayenisikiliza, uliyeko shambani Mpapura au dukani hapo sokoni. Huenda nyumbani kwako kuna mtu unampenda kiasi cha kutotaka aondoke. Binti anayetaka kusoma mbali. Mke anayetaka kwenda kumwona mama yake. Kabla hujamwandikia maisha yake, mwulize anataka nini. Mwulize leo, akiwa hai, akujibu kwa kinywa chake.

Jambo la mwisho. Leo alfajiri mama yangu alikuja kutoka Nanyamba. Ana miaka sabini na tisa, lile dole gumba lake ndilo la kwanza kwenye barua yangu. Aliingia kwa Bi Asia kabla jeneza halijatolewa, akaziomba ndala za marehemu. Alizisugua kwa maji na sabuni, akazifuta kwa upindo wa khanga yake. Kisha akapiga magoti taratibu, akaziweka mlangoni, vidole vimeelekea njiani.

"Nenda, mwalimu," akasema. "Ndala zako hizi hapa."