Bi Tusekile, Bata na Lugha Mbili za Mbali

Jumatano tarehe 30 Septemba 1998, Bi Tusekile Mwalwiba anastaafu kazi ya ukutubi katika Kituo chetu cha mafunzo cha Mwaya, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1967, Kituo kikiwa na chumba kimoja, kabati moja na vitabu hamsini na vitatu, kumi na kimoja kati yavyo vikiwa nakala za kitabu kilekile cha ufugaji wa nyuki. Leo vitabu vimepita elfu mbili. Vile vya nyuki, hadi wiki iliyopita, vilikuwa bado vipo vyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuviazima.

Mimi Lucy, mwalimu wa ushonaji, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa darasa langu limepakana na maktaba kwa miaka kumi na tisa na ukuta wenyewe ni mwembamba. Nimesikia mengi.

Bi Tusekile alizaliwa Njisi mwaka 1938, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akafundisha watu wazima kusoma na kuandika kabla ya kuja kwetu. Wakati wa mafuriko alipandisha vitabu darini, akapanda na yeye, akakaa huko siku mbili akila ndizi za kuchemsha alizopelekewa kwa mtumbwi. Aliposhuka alisema amepata nafasi ya kumaliza kusoma rafu nzima ya historia. Kuna mkulima mmoja aliyekaa na kitabu cha kuku kwa miaka saba. Bi Tusekile alimfuata kwa miguu hadi shambani kwake, akarudi na kitabu, jogoo wawili, na mke wa yule bwana akiwa amejiandikisha kuwa msomaji.

Lakini atakayekuja kuuliza kwa nini Kituo hiki bado kina maktaba, aambiwe habari za mwaka 1993.

Mwaka ule biashara ilikuwa imefunguliwa, na bidhaa zilikuwa zikimiminika kupitia mpakani Kasumulu kama maji. Kila mwenye chumba alikipangisha. Kamati ya Kituo ilitazama chumba cha maktaba, ikatazama marobota ya mitumba yaliyokosa pa kukaa, na mwezi Aprili Mwenyekiti, Bwana Aliko, akamwandikia Bi Tusekile barua ya heshima kabisa: ifikapo mwisho wa Juni chumba kitapangishwa, isipokuwa kama wasomaji wataonekana. Mwezi Machi walikuwa wameonekana wanne, na mmoja wao aliingia kukimbia mvua.

Bi Tusekile hakulia mbele yetu. Kupitia ukuta nilimsikia akipanga upya rafu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Siku hizohizo likafika sanduku la vitabu vya msaada. Ndani, pamoja na riwaya zisizo na jalada, vilikuwamo vitabu viwili vya ajabu, vyote vikiwa na maelezo ya Kiingereza. Kimoja kilifundisha Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na daktari mmoja wa Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita ili watu wa mataifa yote wapate lugha moja nyepesi isiyo ya taifa lolote. Cha pili kilieleza Kinavaho, lugha ya Wanavaho, wenyeji wa nyanda kame za Marekani wanaofuga kondoo.

Cha Kiesperanto kiliazimwa na Bwana Dulla, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka pwani. Alidhani kitamfaa kwa wafanyabiashara wa mpakani. Wiki ya tatu alikuwa ameshapagawa. Alisalimia wateja kwa “saluton”, akashukuru kwa “dankon”, na alichokipenda kuliko vyote ni kipande kidogo “mal”, ambacho ukikitanguliza mbele ya neno unapata kinyume chake. Zuri ni “bona”, baya ni “malbona”, basi, umemaliza. Akaanza kukipachika kwenye Kiswahili. Siku ya jua ikawa siku ya malmvua. Wanafunzi wakadaka, likizo ikaitwa malshule. Mkewe, Bi Siti, alimwambia mbele ya wateja, “Ukiniletea hizo mal zako nyumbani, leo utalala malkitanda.”

Bi Tusekile alibaki na kitabu cha Kinavaho, na huko ndiko akili yake ilikozama. Alikuja darasani kwangu, akanipa kipande cha kitambaa, kisha uzi, kisha kikombe cha chai, kila mara akiniuliza amefanya nini.

“Umenipa,” nikasema.

“Wewe umepewa mara tatu kwa neno moja, Lucy. Mnavaho angetumia maneno matatu. Kitenzi chao hutazama umbo la kitu kwanza.”

Nikamwambia chai yangu ina umbo la kupoa, nikainywa.

Yeye na Bwana Dulla wakaanza kubishana. Walibishana dukani, sokoni, na msibani walikotakiwa kunyamaza. Watu wakaanza kuwafuata kusikiliza. Hapo ndipo Bi Tusekile alipobandika tangazo: Jumamosi tarehe 26 Juni, saa nane mchana, maktabani, mdahalo: kati ya Kiesperanto na Kinavaho, ipi ni lugha iliyo bora? Siku hiyo zingebaki siku nne tu kabla ya chumba kupangishwa.

Nilishona mapazia mapya kwa matumaini ya watu thelathini. Walikuja zaidi ya mia mbili, wengine kutoka Njisi kwa baiskeli. Waliobaki nje walining'inia madirishani, wakayashusha mapazia yangu yote. Wanakamati waliketi mbele. Mwamuzi alikuwa Mama Elizabeth, mwalimu mkuu mstaafu, mtu asiyecheka bila sababu ya maandishi.

Bwana Dulla alianza, akiwa na kofia mpya. Alisema Kiesperanto kina kanuni za msingi kumi na sita tu, na kwamba kila jina la kitu huishia kwa “o”, kitenzi hakibadiliki awe anatenda mmoja au kijiji kizima, na hakuna vighairi vya kumkwaza mgeni. “Nikikutana na mtu wa Brazili,” alisema, “mimi siyo mgeni kwake wala yeye siyo mgeni kwangu. Wote tumejifunza. Hakuna wa kumcheka mwenzake.” Alipigiwa makofi marefu.

Bi Tusekile akasimama na kapu. Alimpa mtu wa kwanza tunda la kakao, wa pili kamba, wa tatu kanga, wa nne bakuli la maji. Akaeleza kwamba kwa Kinavaho huo ni utoaji wa namna nne, kwa kuwa kitu cha duara, kitu cha kunyumbuka, kitu bapa na kitu kilicho ndani ya chombo kilicho wazi havishikwi kwa namna moja, basi kwa nini visemwe kwa namna moja? Kisha akachota kapuni donge la tope na kumkabidhi Mwenyekiti mkononi. “Kitu cha rojorojo,” alisema kwa adabu. Mwenyekiti alipokea, maana alikuwa ameshanyoosha mkono.

Cha mwisho kilikuwa kitu chenye uhai, yaani bata. Bata hakuwa ameelezwa habari ya mdahalo. Alimpita aliyekusudiwa kumpokea, akatua mezani kwa Mama Elizabeth, akatembea juu ya karatasi za alama, na kutoka hapo akaruka hadi rafu ya dini. Zilipita dakika kumi kabla ya mtu yeyote kuweza kusema sentensi kamili. Mama Elizabeth alicheka mpaka akavua miwani.

Watu walipotulia, Bi Tusekile alisema jambo ambalo hata mimi jirani yake sikuwahi kulisikia. Kitabu kilieleza kwamba watoto wa Kinavaho walipelekwa shule za bweni na kuadhibiwa kwa kusema lugha yao. “Nilipofika ukurasa huo nilikifunga,” alisema. “Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni nilimwambia mwenzangu *ndaga fijo*, asante sana, kwa kuwa alinipa ndizi. Nikavishwa kibao shingoni mpaka jioni, kwa kosa la kushukuru kwa Kinyakyusa. Lugha ya Bwana Dulla ni nzuri, nami nitajifunza. Lakini sikuipata kwa mama yangu na mama yake, wala sikuvishwa kibao kwa kuisema.”

Bwana Dulla alikuwa na haki ya kujibu. Alisimama, akavua kofia.

“Bibi yangu alikuwa Mngazija, mtu wa visiwani,” alisema. “Aliniimbia kwa Kingazija kila siku, na mimi nilimwambia aseme Kiswahili, watoto wenzangu wananicheka. Leo nakumbuka maneno matatu tu. Mimi nimekimbilia lugha isiyo na mwenyewe, jamani, kwa sababu ya kwangu niliifukuza.”

Kisha akayasema yale maneno matatu. Hatukuelewa hata moja, na tulipiga makofi kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa Mwaya. Mama Elizabeth aliitisha kura, akatangaza kwamba mikono aliyoihesabu ni mingi kuliko watu waliomo, hivyo lugha zote mbili zimeshinda. Mwenyekiti akasimama, tope likiwa bado mkononi.

“Katibu aandike,” alisema. “Chumba hiki hakipangishwi. Sasa nipeni maji ninawe.”

Tangu hapo kila Jumamosi ni siku ya lugha. Bwana Dulla alifundisha Kiesperanto kwa miaka miwili na wanafunzi wake sita huandikiana barua na watu wa nchi nne. Bi Tusekile aliketi na mabibi wa mwambao wa ziwa, akaandika kwa mkono wake maneno ya Kikisi na Kinyakyusa elfu nne mia sita, yakiwemo majina ya samaki ambayo vijana wetu walikuwa wameshayasahau. Daftari saba alizozijaza ziko rafu ya juu, na ndizo zinazosomwa kuliko kitu chochote tulicho nacho.

Bi Tusekile, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kutuvumilia, kutuhimiza tusome, na kutunyamazisha kwa kidole kimoja. Tunakuombea afya, kakao nyingi kule Njisi, na wajukuu wanaouliza maswali magumu.

Ijumaa iliyopita uliingia maktabani, ukapita upande wa wasomaji, ukapanga foleni nyuma ya watu wawili. Tumaini, anayekurithi, alikuuliza jina kama anavyouliza kila mtu, nawe ukamtajia herufi kwa herufi. Ukaondoka na kitabu cha kwanza ulichowahi kuazima baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuazimisha. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Basi nenda salama, uishi kwa raha, na ukirudishe tarehe 9 Oktoba.