Polikarp Modesti, Aliyeitwa Mzidishaji

Baba Paroko, wazee wetu, wanajumuiya, ndugu na majirani mliofika hapa Izia kutoka karibu na mbali, Tumsifu Yesu Kristo. Historia ya marehemu Polikarp Modesti inasomwa na mdogo wake, Teodori, ambaye wengi wenu mnamwita Mwalimu, na anaomba mumwie radhi kwa jambo moja, kwamba humu ndani amejiandika kwa jina lake, kana kwamba anamsema mtu mwingine aliyekaa pembeni, kwa sababu mara tatu alijaribu kuandika "mimi" na mara tatu kalamu ikamgomea. Anakiomba radhi pia kikao cha familia, maana karatasi aliyoishika sasa siyo ile mliyoipitisha juzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa Izia, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Modesti na Mama Rozina, akabatizwa Jumapili ya Pasaka mwaka huo huo. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akamaliza darasa la saba akiwa wa pili kwa hesabu katika darasa la watoto arobaini na mmoja, lakini mwaka huo mgongo wa baba ulikuwa umeshaharibika, hivyo akabaki nyumbani kushika jembe, na ni jembe hilo hilo, la mahindi na ulezi, lililomsomesha mdogo wake Teodori mpaka kidato cha nne.

Mwezi Juni 1976 Mzee Modesti alimkabidhi gobore lake pamoja na kibali chake, na kuanzia siku hiyo marehemu akawa ndiye anayeitwa nguruwe wakivamia mashamba, na msimu wa kuwinda ukifunguliwa alikata leseni ya pongo kama sheria inavyotaka. Lilikuwa gobore la mtutu mwembamba, kidole gumba hakiingii, na watu wenye magobore makubwa walimcheka kwamba anatembea na filimbi, naye aliwaacha wacheke, kisha jioni anarudi na nyama. Siri yake haikuwa shabaha peke yake, ilikuwa ni kuchagua. Vipande vya nondo na misumari ambavyo wengine walivishindilia alivikataa kabisa, akisema vinatawanyika, vinamjeruhi mnyama, anakwenda kufia mbali kwa mateso na hakuna anayemla. Kwa pongo alitaka risasi moja, ya mviringo, laini, aliyoiyeyusha mwenyewe na kuimimina kwenye kalibu ya udongo, kisha anaizungusha kiganjani kama mama anayechambua maharage, na yenye tundu la hewa, hata dogo namna gani, inarudi sufuriani. Kila alipoyeyusha mpya alipiga moja kwenye gogo la mtini kule bondeni, akaichimbua kwa kisu, akatazama imebonyeaje, na kama imevunjikavunjika hakuitumia. Baruti aliipima kwa kifuniko cha pembe ya kuhifadhia, kifuniko kimoja kilichosawazishwa kwa kidole, na kila aliyesimama karibu alisikia neno lake lile lile, "Usizidishe." Akishamaliza kujaza alifunga kitambaa chekundu mdomoni mwa mtutu, ili kila mtu wa nyumba ile ajue kwamba chombo kina kitu ndani.

Risasi hizo ndizo zilizomwoza. Madini yake aliyafuata Wampembe, kwa wavuvi wenye nyavu chakavu, akishuka kwa lori na kurudi na kilo mbili tatu za vizito vya nyavu, na baada ya safari ya nne binti wa mwenye nyavu, Zita, akamuuliza baba yake mbele za watu, hivi huyu Mfipa anazila hizi risasi au ana lake jambo? Alikuwa na lake jambo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Novemba 1983, wakajaliwa watoto wanne, Valerian, Bertila, Kristiana na Jenifa, na wajukuu kumi na mmoja, wote mnawaona mbele hapa.

Sasa tunafika mwaka 1986, na Teodori anaomba utulivu, maana akikatizwa hapa hataweza kuanza tena.

Karatasi ya kwanza iliandikwa hivi, "Tarehe 21 Septemba 1986 ilitokea ajali iliyomsikitisha sana marehemu." Jana mchana shemeji Zita alimpelekea Teodori chai pale nyuma ya nyumba, akamwekea kikombe, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, na mwaka themanini na sita umeandika nini?" Hakungoja jibu, akarudi jikoni kwa akina mama, na chai ile ilipoa na utando juu. Kumbe alijua, miaka yote alijua, na hakuwahi kufungua mdomo.

Siku ile ilikuwa Jumapili. Teodori alikuwa na miaka ishirini na miwili, barua ya chuo cha ualimu anaisubiri kwa hamu, kichwa kimemvimba kwa kidato cha nne, na kwa muda mrefu alikuwa akimwona kaka yake mwoga wa baruti. Watu walipokwenda Misa ya kwanza yeye alisingizia kichwa kinauma, akalishusha gobore ukutani, akajaza vifuniko viwili vyenye kilima, akaongeza vipande vya nondo alivyoviokota kwa mhunzi, akashindilia, akikusudia kushuka bondeni kumpiga pongo kwa umbali ambao Polikarp asingeuthubutu, halafu aje atambe. Kabla hajatoka akasikia sauti za watu wakirudi kanisani. Akalirudisha ukutani haraka, na kitambaa chekundu hakukifunga, maana angekifunga kaka angejua kwamba kuna mkono mwingine umegusa.

Muda huo huo akafika jirani yetu Zenon, akilalamika kwamba pongo wanamalizia maharage yake ya bustani ya bondeni. Polikarp akalishusha gobore, akalitazama, hakuona kitambaa, naye alikiamini kile kitambaa kuliko kuingiza fimbo mtutuni kupima kama kuna kitu, kwa sababu miaka kumi hakuna aliyejaza ila yeye. Akasawazisha kifuniko kimoja kwa kidole, akamimina, akatia risasi moja, akashindilia. Na Teodori alikuwa wapi? Alikuwa amesimama mlangoni, ndugu zangu, hatua tatu tu. Aliona kila kitu. Neno moja lingetosha, kaka subiri, lakini aibu ya kukutwa na kosa ikamzidi, akajiambia labda haitakuwa kitu. Wakashuka wawili, Polikarp akampa Zenon apige kwa kuwa bustani ni yake, na baada ya muda mfupi mlio uliosikika huku juu haukuwa mlio wa gobore lile. Mtutu ulipasuka, na mzee Zenon, aliyekaa pale benchi la pili, akapoteza jicho la kulia na vidole viwili.

Jioni ile Teodori alimfuata kaka yake kisimani, akamwambia yote huku akilia kama mtoto. Polikarp akamwambia anyamaze, akisema yeye Teodori atakwenda chuo, na mwenye kibali ni Polikarp, hivyo mkono uliojaza ni wa Polikarp, basi. Polisi walipouliza, alijibu hivyo hivyo. Alikaa mahabusu siku nne, kibali kikachukuliwa, na mtaa mzima, kwa sababu ya lile neno lake, ukambatiza jina la Mzidishaji. Watoto wake waliitwa watoto wa Mzidishaji shuleni, Valerian alipigana kwa ajili ya jina hilo, na mwalimu aliyemwadhibu kwa kupigana, Mungu anisamehe, alikuwa ni baba yake mdogo. Polikarp hakushika bunduki tena, alilima na kuchonga mipini ya majembe, na kila mvua za kwanza alianza kulima shamba la Zenon kabla ya lake, misimu thelathini na saba bila kukosa hata mmoja, na sisi tuliopita njiani tulisema, anajutia kosa lake. Teodori naye alipita njiani, mkoba mkononi, akiamkiwa shikamoo Mwalimu, na alisema hivyo hivyo.

Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa mjini, akalazwa mara tatu, na mwezi uliopita, akiwa wodini, aliuliza ni nani atakayesoma historia yake. Alipoambiwa ni Teodori alicheka mpaka akakohoa, akamshika mkono, akasema, "Basi soma, ila usizidishe." Siku kumi zilikuwapo baada ya hapo, na Teodori hakupata ujasiri wa kumwambia asante, wala samahani. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 5 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Paroko aliyempa mpako wa wagonjwa, wanajumuiya mliokesha nasi, majirani mlioleta kuni, unga na maji, mafundi seremala wenzake waliomtengenezea jeneza hili kwa mikono yao, na walimu waliokuja kumfariji mwenzao, ambao huenda wakitoka hapa hawatapenda kumpa mkono, nao watakuwa na haki. Shemeji Zita, asante kwa chai. Valerian, mwanangu, ile adhabu haikuwa yako. Mzee Zenon, shikamoo, deni la mkono na jicho lako halikuwa la aliyelala hapa, na mvua zikianza usimtafute mwingine wa kulima, nitakuja.

Kaka Polikarp, nimechoka kumwita Teodori kana kwamba simjui. Aliyezidisha ni mimi. Pumzika kwa amani ya Mungu, kaka yangu, wewe ulijaza kifuniko kimoja tu, tena ulikisawazisha kwa kidole.