Wageni Waliotangulia Liwale

Nilikuwa kwenye basi la mwendokasi la Gerezani, nikienda darasa la jioni la watu wazima pale Kariakoo. Mbele yangu kaka na dada walipanga kuzunguka mkoa wao wa Lindi kwa gharama ndogo. Hawatalipa gesti hata moja. Watalala kwa ndugu Kilwa, kisha Nachingwea, kisha Liwale kwa mama yao, ambaye anaishi peke yake na macho yake hayaoni vizuri.

"Bakili, umeshampigia shangazi wa Kilwa?" dada aliuliza.

"Nimempigia. Anasema tulilala kwake Jumatatu, na wewe Sabaha ulikula kama huna kwenu."

"Shangazi kazeeka huyo."

"Na baba mdogo wa Nachingwea naye kazeeka? Anasema tumeondoka kwake leo alfajiri, umesahau mtandio."

Darasani tunafundishwa kuhakiki jibu mara mbili. Hili lilikuwa limeshahakikiwa. Nikaanza kusali kimoyomoyo.

"Basi safari tuiache," Bakili alisema.

"Tuiache, na mama je? Si amebaki yeye tu."

Sabaha akapiga simu, akaweka spika. "Shikamoo mama. Ni mimi, Sabaha."

"Sabaha gani?" mama alijibu taratibu. "Sabaha yuko hapa ananimenyea muhogo. Bakili, njoo usikie, kuna mtu anajiita dada yako."

"Kata simu, mama," sauti ya Bakili ikasema kwenye simu.

Bakili wa mbele yangu hakuwa amefungua mdomo. Basi likasimama Gerezani, milango ikafunguka.