Tochi Inayoaga

Asteria alikuwa amepanga kusinzia mpaka Rwamgasa, lakini wachimbaji wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakumpa nafasi.

"Shikamoo mzee. Hebu ona hii," kijana alisema, akitoa tochi ndogo kama kidole gumba. Akaiwasha, na dari ya basi ikawa nyeupe. Asteria akafumba macho. Hakuna aliyemwomba radhi.

"Marahaba. Mbona hii ni taa ya lori kabisa," mzee alisema, akiigeuzageuza kwa furaha kana kwamba ni yake. "Na chaji ikiisha?"

"Haipungui mwanga hata kidogo. Inawaka hivyohivyo mpaka mwisho, halafu inazimika."

"Ghafla? Na wewe uko chini shimoni?" Mzee akachomoa tochi yake ya balbu ya zamani. "Hii yangu inaaga, mwanangu. Inakuwa ya njano, inafifia taratibu, nami najua sasa nipande juu."

"Na kama inafifia wakati ndiyo kwanza umeiona dhahabu kwenye mwamba, unapanda?"

Mzee alirudisha tochi yake mfukoni. "Hapo sipandi."

Basi likasimama Rwamgasa. Wachimbaji walishuka bado wanabishana, tochi ya kijana, aliyosahau kuizima, ikiwaka mfukoni mchana kweupe.